Sifa za Kigingi

Watu wamesifu simba, wamesifu milima, wamemsifu hata kiongozi aliyekuja na msafara wa magari kumi kuzindua choo cha shule. Kigingi hakuna aliyekisifu. Aibu hiyo naifuta leo, mimi mwalimu mstaafu wa Mwimbi, niliyezaliwa juu ya uwanda wa Ufipa kwenye mahindi na ulezi, na ambaye mpaka napata pensheni nilikuwa sijui kufunga fundo lolote zaidi ya lile la kamba ya kiatu.

Sisemi kigingi cha magazetini, kile ambacho timu huwekewa ikikaribia ubingwa. Nasema kigingi chenyewe: gogo lenye urefu wa mtu, limechongwa ncha, limepigwa mchangani mwaloni, boti inafungwa hapo. Ingawa kadiri ninavyozidi kukaa mwaloni naanza kuamini kwamba ni kitu kimoja.

Wenzangu kiinua mgongo chao walinunulia bajaji. Mimi nilishuka Ziwa Tanganyika nikanunua boti ya mbao, kuukuu, ya tanga, yenye kibanda cha turubai nyuma, nikatangaza kwamba nitaishi humo. Mama watoto alinitazama kama anavyotazama maharage yaliyoingia wadudu. "Baba, wewe na maji wapi na wapi?" Nikamkumbusha kwamba nimelichora ziwa hilo ubaoni maisha yangu yote: urefu kilomita 673, kina mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Ziwa la namna hiyo litakosaje pa kuweka boti moja? Nilifundisha jiografia vizuri, ila sikujua kwamba pa kuweka boti si ziwani. Ni kwenye kigingi.

Mtu wa pwani ataniuliza, kwani nanga huna? Ninayo. Lakini ziwa hili ni ufa wa Bonde la Ufa, na sehemu kubwa ya huku kwetu milima inashuka mpaka majini na haisimami hapo, inaendelea kushuka. Unapiga makasia mara chache tu kutoka ukingoni, unatupa nanga, kamba inaisha, nanga inaning'inia chini kama kengele ya shule wakati wa likizo. Palipo na mchanga wa kushika nanga pana kijiji, penye kijiji pana mwalo, penye mwalo pana vigingi, na kila kigingi kina mwenyewe.

Sifa zake ndogo nizipitie haraka. Hakili. Hakikopi. Mnandi hutua juu yake kukausha mabawa, na mchana, wavuvi wa dagaa wakiwa wamelala, mbuzi hufungwa hapo. Tena kinamwepusha mtu na kulala nchi kavu, na hilo angelithibitisha msafiri Mwingereza, Speke. Mwaka 1858 alivuka ziwa hili kwenda Kasenge kukodi jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu. Njiani akalala hemani kisiwani, mdudu akamwingia sikioni, akamchokoa kwa kisu, sikio likavimba likaziba. Jahazi lenyewe aliahidiwa, akaambiwa asubiri, akasubiri, akarudi mikono mitupu. Someni hapo taratibu: kuzungushwa kwenye ziwa hili hakukuanza na mimi.

Sasa sifa kuu. Kigingi kinamilikika kuliko kitu chochote kilichoumbwa. Shamba ukiliacha misimu miwili jirani anasogeza mpaka. Nyumba ukiihama popo wanahamia. Boti inaoza, ng'ombe anakufa. Kigingi hakimtoroki mwenyewe, hata mwenyewe akiwa amekitoroka yeye. Kuna kimoja pale mwaloni ambacho nimesimuliwa nasaba yake kama nasaba ya watemi: kilipigwa na mvuvi wa migebuka, kikarithiwa na mpwa wake, kikawekwa rehani kwa muuza nyavu, kikakombolewa, kikatolewa sehemu ya mahari, mchumba akakataliwa, kigingi hakikurudishwa. Katika safari hiyo yote hakikusogea hata unyayo mmoja.

Wafipa tulipaswa kuwa tumejifunza zamani. Hadithi ya Milansi tumeisikia tangu utotoni: mtawala wake, mwene, alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe kigoda na onyo kwamba asimkalishe mgeni juu yake. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali, mke akawapisha, na mwene aliporudi alikuta nchi ina wenyewe wapya. Tulifundishwa kwamba hiyo ni asili ya utawala wetu. Kumbe ilikuwa semina ya vigingi, na waliohudhuria wakaelewa. Mwenye kigingi wa leo anaweza kuwinda miaka thelathini na asinyang'anywe kitu, maana hamwachii mkewe kigoda. Anamwachia kijana daftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kigingi hiki cha nani?"

"Cha mzee."

"Mzee yuko wapi?"

"Sumbawanga mjini."

"Boti yake ipi?"

"Hana boti, Mwalimu. Ana kigingi."

Na msidhani maumbile yanaweza kitu hapo. Ziwa lilipopanda, miaka ile ya 2020 na 2021, maji yalimeza ufukwe na nyumba za kando, na mstari wa mbele wa vigingi ukazama wote. Mjinga angesema umiliki nao umezama. Nilipofika nilionyeshwa changu kwa kasia: kijana alichoma maji mara tatu, kasia likagonga kitu, ko! "Hicho hapo." Nikalipa shilingi 3,000 kwa usiku mmoja kwa kitu nilichokisikia tu, kama mtu anayebisha hodi kutoka chini. Risiti iliandikwa "kigingi, hali nzuri".

Nikaamua kufuata taratibu, nipate changu halali. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole sana, alinieleza kwamba mamlaka yake yanaishia maji yanapoanzia, hivyo hawezi kumwandikia barua ya utambulisho mtu anayelala majini. Nikaenda ofisi moja inayohusika na majini. Wao wakaniuliza kama mimi ni samaki, au chombo, au shehena, kwa kuwa hayo ndiyo wanayoyasimamia. Fomu ilikuwa na nafasi za kijiji, kata na tarafa. Niliandika "botini". Ilirudi baada ya wiki tatu na wino mwekundu, kazi niliyoifanya mimi kwa madaftari ya watoto wa watu: "Taja kata."

Nasikia kwenye mifereji ya London nako kuna watu wanaoishi botini, na asiye na maegesho ya kudumu hutakiwa asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Wanalalamika. Siku kumi na nne! Mimi nimewahi kufukuzwa na boti ya magunia ya dagaa kabla chai haijachemka.

Halafu ukaja usiku mmoja wa Juni. Miezi hiyo upepo wa kusini unalipanda ziwa kwa urefu wake wote, na mawimbi huku kusini si yale ya kwenye picha. Vigingi sita vilikuwa vitupu mbele yangu. Nilivihesabu kwa tochi, sita. Kijana wa daftari akasema vimewekwa, mzee atakasirika. Nikamwambia atakasirika akiwa wapi, si yuko kitandani mjini? Akasema ndiyo, lakini atakasirika. Basi nikaishikilia boti kwa mikono, mimi na mvuvi mmoja ambaye hata simjui, maji yakitufika kifuani, hadi alfajiri. Iliponichomoka mara moja tu ilipiga mwamba, mbavu mbili zikavunjika. Yule mvuvi alichanika kiganja. Na asubuhi vigingi sita vilikuwa bado vitupu, vimesimama vizuri, havina hata mkwaruzo, na kijana amekuja na daftari kuuliza kama nililala hapo au nilipita tu. Mtu hajawahi kulowa goti katika ziwa hili, hana mtumbwi, hana nyavu, hana kasia, na ana sita, na anayemwogopa ni kijana ambaye baba yake mwenyewe hufunga boti kwenye jiwe!

Niwieni radhi. Nilikuwa nasifu.

Nijifariji kwa meli ya Liemba basi, maana ndiyo bibi wa vyombo vyote vya hapa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku mpaka Kigoma, ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina ililo nalo. Imebeba watu vizazi na vizazi, na bado kwenye vijiji vingi haikuwa na gati la kuegesha: ilisimama mbali, ikapiga honi, abiria wakashuka kwenye mitumbwi na kuku wao. Nimefikiria sana juu ya ile miaka yake ya kulala chini. Ni maegesho pekee katika ziwa hili ambayo sijasikia mtu akiyadai ushuru, ingawa nashuku kijana wa daftari hajaambiwa.

Mwezi uliopita nilipanda Mwimbi kusalimia nyumbani, nikachonga kigingi changu mwenyewe, cha mninga. Mama watoto alikishika, akakipima kwa mkono, akasema angalau hiki kinaeleweka. Nikakishusha ziwani juu ya fuso ya mahindi. Nimeambiwa kukipiga bila kibali ni kosa, na kibali hutolewa kwa mwenye kata. Kwa hiyo kimo humu botini, chini ya turubai, nimekizungushia shuka. Ndio mto wangu.