Sifa za Fidia ya Biti

Washairi wamesifu mnazi, wamesifu punda, wamesifu hata jembe. Fidia ya biti hakuna aliyeikumbuka, nami niliyesumbuliwa nayo miaka mitatu katika karakana yangu ya milango hapa Mwembesongo naona dhuluma hiyo imezidi.

Kwa asiyeijua: mashine ya CNC, inayokata mbao kwa amri za kompyuta, haijui ukingo wa mlango, inajua katikati ya biti, yaani kisu chake kinachozunguka. Biti ya milimita 6 ikipita juu ya mstari wenyewe, inalamba 3 huku na 3 kule. Basi unaiamuru ijitenge kwa nusu ya unene wake: G41 ikae kushoto, G42 ikae kulia, G40 iache kujitenga. Biti ikinolewa ikabaki 5.8, unaiandikia mashine 5.8 na kazi inaendelea, kompyuta hata huigusi.

Sasa adabu zake. Fidia haipokei mgeni anayekuja kwa kuzunguka. Uiendee kwa mstari ulionyooka. Ukiiendea kwa tao, mashine inaandika kosa na kusimama. Tena mstari usiwe mfupi kuliko nusu ya unene wa biti, maana anayezuka mlangoni ghafla hakulelewa. Nimeelimika. Siku hizi nikienda kwa jirani kuazima msumeno naanzia mbali, nyoofu, hatua zinazozidi nusu ya upana wa kitambi changu, ndipo nageukia mlango wake. Mke wangu anadhani nimerogwa.

Haina upendeleo: kona ya ndani ikiwa finyu kuliko biti, inagoma, uwe nani. Haili rushwa. Nakshi za mabonde na vilima haizigusi, na kujua mipaka yako ni hekima.

Mashine yangu ya kwanza, ndogo, iliendeshwa na Grbl, programu ya bure. Hiyo G41 haiijui, G42 haiijui. Inaijua G40. Yaani katika elimu yote ya fidia, ilifundishwa kuifuta.

Lakini ule ubao wa mninga, jamani! Programu ya kompyuta iliniacha niufute mstari wa kuingilia bila hata kukohoa, skrini ikaonyesha mlango safi. Mashine ikaanza kujitenga kidogo kidogo huku inakata, ukingo ukatoka mshazari: milimita 3 zimeliwa mwanzoni, mwishoni sifuri. Mlango wa mteja aliyekwisha kulipa! Programu inasema hesabu za fidia ni za mashine. Mashine inasema imefuata ilichoandikiwa na programu. Mpwa wangu anayejifunza kazi akaokota kipande, akakipuliza vumbi, akauliza: "Mjomba, sasa fidia ya ubao analipa nani?"

Nikatazama ukutani. Pale pana X nyekundu, kimo cha mtu, iliyopigwa na watu wa ofisi fulani wanaotaka kupanua barabara. Mthamini alikuja na tepu, akapima, akanisainisha. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za 2001 zinaongeza riba ikipita miezi sita. Kwenye skrini, mlango safi.

Nikawaendea kwa mstari ulionyooka, kama nilivyofundishwa. Dirisha la kwanza likasema faili liko kwa mthamini. Mthamini akasema alishalirudisha. Dirisha la pili likaniambia nizunguke nyuma. Nyuma nikamkuta karani anakunywa chai, akanishauri, kwa upole kabisa, nirudi dirisha la kwanza. Jirani yangu mwenye X kama yangu hakupitia dirisha lolote. Alizungukia nyumbani kwa mtu, jioni, na amekwisha kuezeka kwingine.

Mashine yangu ingemwandikia kosa.

Mimi bado nachonga milango ndani ya X. Mvua za masika zinazoshuka kutoka Uluguru huififisha, lakini kijana wao huja na kopo na brashi kuihuisha. Amekwisha kuja mara mbili. Ana mkono mzuri. Hajawahi kutoka nje ya mstari.