Ada, Rimu na Fagio la Chelewa

Mtoto akifikisha umri wa kwenda shule, kila mzazi wa Dar es Salaam hugeuka mchambuzi wa elimu. Shemeji atakwambia shule za serikali zimefurika watoto. Jirani atakwambia shule za binafsi ni maduka ya soksi. Wote wanasema kweli, ndiyo maana ushauri wao hausaidii.

Mama watoto alitaka Inglishi midiamu, mimi nikatetea Kayumba, yaani shule ya serikali, nikawataja mabosi kibao waliosoma huko. Akaniuliza watoto wa mabosi hao wanasoma wapi. Nikanyamaza, tukaenda kwenye usaili.

Usaili ulikuwa wa mtoto wa miaka minne, lakini waliotoka jasho ni wazazi. Mwalimu alionyesha picha ya ndizi, akauliza kwa Kiingereza ina rangi gani. Binti yangu akanigeukia: "Baba, ya kupika au iliyoiva?" Mama yake ni wa Bukoba; kwao hilo ni swali la msingi. Mwalimu akaandika kitu kifupi kwenye fomu. Hata hivyo binti alipita, maana mtihani wenyewe ulikuwa kwa mhasibu.

Kisha ikaja orodha ya mahitaji: rimu mbili, sabuni, karatasi za chooni na sweta. Sweta, Dar, mwezi wa pili! Gari la shule hupiga honi saa 11 alfajiri. Mtoto hupanda akisinzia, jioni hushuka akisinzia. Majirani wote huamshwa kwa ada yangu, na hakuna anayechangia.

Zamu ya mdogo wake ilipofika, mfuko ndio uliopiga kura. Akaenda Kayumba, ambako hakuna ada. Kwenye kikao cha wazazi tulikumbushwa kwamba elimu ni bure, tukapiga makofi. Makofi yalipotulia, ikasomwa michango: uji, mlinzi, mitihani ya Jumamosi. Juu ya hiyo, kila mtoto aje na fagio la chelewa. La kwetu lilipotea siku ileile. Kijana akaniambia kwa utulivu kwamba kuna mwenzake aliingia darasani bila fagio, akatoka nalo.

Sasa nyumba moja ina shule mbili. Dada anazitaja sayari zote kwa Kiingereza, ila ukimtuma dukani anarudi na chenji yoyote aliyopewa. Mdogo wake hajui sayari hata moja, ila anarudi na chenji kamili, na pipi aliyoidai kama nyongeza. Kazi za nyumbani za wote wawili nafanya mimi.

Sijidanganyi. Kidato cha kwanza masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na huko kijana atapata tabu kwanza. Hata serikali ina shule za msingi za Kiingereza, kama Olympio na Diamond, na nafasi zake hugombaniwa.

Basi, mzazi mwenzangu, chagua shule utakayoilipia mpaka mtoto amalize bila kumkwepa mhasibu. Kitakachobaki mnunulie vitabu, na jioni zima televisheni ukae naye. Ukiangukia Kayumba, fagio liandike jina.