Ndizi, Ugali na Mihogo: Alama Moja

Ukiishi huku juu Kibosho usidhani unachokula ni siri yako na mkeo. Vyuo vikifunga tu, vijana wenye vitambulisho shingoni huanza kupanda na bodaboda kutoka Moshi mjini, kila mmoja na tasnifu yake. Huyu anauliza watoto wameanza uji wakiwa na miezi mingapi. Yule anaomba kipande cha magadi akapime floridi, ile inayotia meno yetu rangi ya kahawia. Wa tatu ana mzani wa kupimia viazi. Aliyekuja kupima bei ya nyama sijamwona bado.

Nilikuwa nawavumilia, mpaka walipoingia kwenye chai. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye miteremko hii hii ya Kilimanjaro. Watafiti, wakiwemo wa hospitali ya KCMC ya Moshi, waliketi na wanywaji chai 188, kipimajoto mkononi, wakasubiri kila mtu aanze kunywa kwa hiari yake. Wastani ukatoka digrii 70.6. Mwaka uliofuata lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, likasema kinywaji kinachozidi digrii 65 kuna uwezekano mkubwa kinaleta saratani ya umio. Na saratani hiyo kwetu si hadithi ya kusimuliwa, kila ukoo una mtu wake iliyemchukua. Kwa hiyo sina ubishi na sayansi. Ubishi wangu ni kwamba wanywaji wa chai ya maziwa walikutwa wanakunywa ya moto zaidi kwa karibu digrii 2, kwa kuwa maziwa huchelewa kupoa, na wanaume tukakutwa tunaanza mapema kuliko wanawake. Mwanamume, chai ya maziwa: wangeandika na jina langu basi, tujue moja. Lakini hebu mkaribishe mgeni kwa chai ya uvuguvugu mwezi wa Julai, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, uone kama habari haitafika Uru kabla yeye hajafika kwake.

Sasa balaa limehamia ndani ya nyumba. Binti wa kaka yangu anasomea lishe, chuo chake sikitaji, na msimamizi wake amemwambia ajaribu hojaji kwa watu wachache kabla ya kwenda kijiji alichopangiwa. Watu wachache ndio sisi.

"Shikamoo baba mdogo. Leo namhoji mama mdogo tu. Kipimo hiki ni cha wanawake wa miaka 15 hadi 49."

Marahaba. Mama watoto akasomewa fomu ya ridhaa, akaambiwa ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Miaka yote niliyokaa kwenye nyumba hii sijawahi kusomewa haki ya namna hiyo.

Kazi yenyewe inaonekana rahisi. Unataja kila ulichokula na kunywa tangu jana asubuhi, saa 24 kamili, na binti anaweka alama kwenye makundi 10 ya vyakula. Ukifikisha 5, unahesabika kuwa mlo wako una mchanganyiko wa kuridhisha. Mama watoto akaanza kwa kujiamini: asubuhi chai ya rangi na mihogo, mchana kiburu cha ndizi na maharage, jioni ugali kwa mboga ya mnafu. Akaegemea kiti akisubiri pongezi.

"Matatu," akasema binti.

Matatu! Kumbe mihogo, ndizi za kupika na ugali vyote vimetiwa kundi moja, pamoja na mchele na viazi. Yaani Mchagga anaweza kula mlima mzima tangu asubuhi hadi usiku akapata alama moja. Maharage ya kwenye kiburu yakampa ya pili, mnafu ukampa ya tatu. Mama watoto akadai nyanya ya kwenye mnafu. Binti akauliza ilikuwa ngapi, na tulikula wangapi. Moja, watu sita. Haihesabiki, mtu lazima awe amekula angalau gramu 15, kijiko kimoja cha chakula. Maziwa je? Hapo niligeuka kuangalia migomba, maana maziwa ya jana najua yaliishia kikombe gani.

Nikaona nimwokoe mke wangu. Nikamkumbusha kata ya mbege aliyopokea kwa jirani jioni. Ndizi mbivu zilizochemshwa mpaka zikawa nyekundu, zikachujwa, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, gome la msesewe likatia uchungu wake: hapo tuna tunda, tuna nafaka, tuna mti mzima. Binti akatabasamu kama karani wa benki anayekunyima mkopo. Pombe haina kundi, baba mdogo. Na ndizi ile ile angeila mbivu mkononi ingepewa alama ya matunda.

"Kwa hiyo akiinywa hajala kitu?"

"Kwa kipimo hiki, ndiyo."

Tangu siku hiyo mama watoto hana raha. Yeye ni mtu wa kufaulu. Alifaulu kipaimara, alifaulu darasa la saba, na hawezi kukaa na 3 juu ya 10 iliyoandikwa na mtoto aliyemkogesha mwenyewe. Nilijaribu kumweleza kwamba kipimo hiki kinatazama hali ya kundi la wanawake, hakimpi mtu mmoja cheti. Akaniuliza kama nami nimeanza kusomea lishe.

Binti ameaga akisema atarudi kumhoji tena siku nyingine, bila kuitaja ni ipi, ili watu wasijiandae. Basi tangu hapo kila siku ni siku ya mtihani. Sokoni Kiboriloni zimetoka karanga, mayai, dagaa, karoti na papai, na kila jioni mama watoto anakaa na daftari la mtoto la hesabu anajisahihisha. Jana alifikisha 8. Mimi hujaziwa sahani yeye akishamaliza kuhesabu, na maziwa yamehamishiwa kabatini, ufunguo anao yeye.