Sifa ya Papa

Karafuu imeshasifiwa ya kutosha. Asumini nayo, udi, kilua, mrihani: kila chenye harufu nzuri katika visiwa hivi kimepata mtunzi wake, mwimbaji wake, na mchuuzi wake wa kukitia kwenye vipakiti awauzie watalii. Harufu moja tu imebaki yatima. Mwenye kuinusa huziba pua, hutema mate, huuliza kimefia nini hapa. Basi leo nimejitwika kuitetea: sifa, mafuta ya ini la papa, yanayopakwa vyombo vya bahari tangu enzi za mababu.

Wapo watetezi wanaoanza kwa kukanusha. Mimi sikanushi. Sifa inanuka. Inanuka samaki aliyeoza, inanuka kutu, na juu ya hayo ina kitu cha tatu ambacho pua ya mwanadamu haikuumbiwa kukipokea. Ukiishika asubuhi, mkate utakaoumega jioni utakuwa na sifa. Ukipeana mkono na mtu Nungwi, shemeji yake wa Bububu atajua mlikutana. Lakini niambieni, katika dunia hii ya vifuniko na rangi za juu juu, ni kitu gani kingine kinachoitangaza hali yake bila kificho namna hiyo? Laiti wagombea wetu wangekuwa nao uaminifu huo, tungejua mapema nani wa kukaa naye upande upepo unakotoka.

Halafu ina nasaba. Mwaka 1183 Ibn Jubayr, yule msafiri wa Andalusia aliyekuwa njiani kwenda kuhiji, alipita bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu. Akaviona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi, ndugu wa mitepe yetu ya Lamu, visivyo na msumari hata mmoja. Aliandika kwamba wenyewe huvipaka samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na haya ya papa ndiyo bora kuliko yote. Samli, malkia wa jikoni, imeshindwa hadharani! Akaeleza kuwa mafuta hulainisha mbao zisivunjike kwenye miamba, na kwamba papa mwenyewe ni samaki mkubwa anayewameza waliozama. Yaani anayekula waliozama ndiye anayetoa dawa ya kutozama. Mwanasheria yeyote angekwambia hapo kuna mgongano wa maslahi. Marco Polo naye, karne moja baadaye, alivikuta vyombo vya Hormuz vimepakwa mafuta ya samaki. Hakuvipenda hata kidogo.

Kuitengeneza hakuhitaji shahada. Kunahitaji debe, jua, na majirani wavumilivu. Ini hukatwakatwa, hutiwa ndani ya debe, huachwa siku kadhaa mpaka liyeyuke na mafuta yapande juu. Mwenye haraka hulichemsha katika sufuria ambayo haitarudi tena jikoni. Chini, panapokaa ndani ya maji, chombo hupakwa deheni, ile chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Juu ya hapo ndipo enzi ya sifa: hupenya ndani ya mbao, jua lisizipasue, chumvi isizikaushe.

Ubora wake wa kijamii niliuona siku tuliyotoka kwenda kuvua papa, mimi na rafiki zangu watatu, katika dau dogo lililopakwa jana yake. Umande ulikuwa bado unavuma kutoka nchi kavu. Pwani walikuwepo jamaa wengine walioahidi kufuatana nasi. Walipokaribia chombo, mmoja akakumbuka harusi, mwingine akakumbuka mgonjwa. Sifa ilikuwa imetuchagulia abiria kwa ukali ambao nahodha, mtu mwenye haya, asingeuthubutu. Kati yetu tuliobaki alikuwemo mwalimu wa hesabu, mtu wa pasi na marashi, aliyekuja na mkeka wake mwenyewe wa kukalia. Jua linachomoza, mkeka umesharowa, na mwalimu, fundi cherehani na nahodha hawatofautishiki kwa pua. Nimehudhuria warsha nyingi za usawa, zenye chai na posho. Hakuna hata moja iliyofika huko kwa asubuhi moja.

Tukashusha zulumati, ndoana zimevikwa vipande vya taa, tukasubiri. Wasiojua hudhani kuvua papa ni vita. Ni kukaa. Jua linapanda, mbao zinapata moto, na sifa inaamka. Ngama inapitapita miguuni, juu yake utando wa mafuta unaometameta rangi zote. Fundi akalala. Mwalimu hakuweza.

"Nahodha, harufu hii haipungui?"

"Hupungua, mwalimu. Siku ikiisha kabisa, anza kukumba maji."

Mwalimu hakuuliza tena, na tangu hapo nilimwona akivuta pumzi ndefu kila baada ya muda, kwa uangalifu, kuhakikisha bado ipo.

Papa alipokuja alikuwa wa pima moja hivi, akatuzungusha mpaka viganja vikachubuka, kisha rungu likamaliza mazungumzo. Hapo ndipo utajua nani anajua thamani. Mapezi yana mnunuzi wake, anayekuja na mzani na maneno machache. Nyama itatiwa chumvi, ianikwe, iliwe kwa nazi, na yenyewe itanuka, kwa kuwa papa huhifadhi urea mwilini ambayo akifa hugeuka amonia. Hiyo ni harufu nyingine, sitaki ijipenyeze katika sifa za mwenzake. Nahodha hakuvitazama hivyo. Alipasua tumbo, akatoa ini kwa mikono miwili, akaliweka ndooni kwa adabu ambayo mwalimu hakuipata siku nzima. Papa hana kibofu cha hewa. Ini lake lenye mafuta ndilo linalompunguzia uzito majini, na kwa aina nyingine hufika robo ya mwili mzima. Lililokuwa likimsaidia papa asizame, sasa lingelisaidia dau.

Jioni nilipanda daladala. Wenyewe mnajua daladala za jioni. Nilipewa kiti, kisha nikapewa safu nzima, na konda akanipigia salamu kutoka mlangoni.

Wanaoidharau hawajui imefika wapi. Mwaka 1906 mkemia wa Japani, Mitsumaru Tsujimoto, aliyachunguza mafuta ya ini la papa akakuta ndani yake kitu ambacho mwaka 1916 alikipa jina la skwalini. Kimesafishwa, kikaondolewa harufu, kikaingia kwenye krimu za uso. Kuanzia mwaka 1997, huko Italia, kikaingia hata kwenye chanjo ya mafua kwa wazee. Kwa hiyo yule bibi mgeni anayeziba pua akipita karibu na madau yetu, huenda amelipia fedha nyingi ajipake binamu wa kile anachokikimbia. Siku hizi skwalini nyingine hutoka kwenye zeituni na miwa, nami nawatakia heri wote wawili, lakini hakuna mwamba uliowahi kuogopa zeituni.

Huko Bermuda wameivalisha joho la utabiri. Hutia mafuta ya papa ndani ya kichupa, hukitundika, hukisoma: yakiwa maangavu, hali ni shwari, yakichafuka, dhoruba iko njiani. Wanasayansi hutikisa kichwa. Mimi siwezi kuipinga teknolojia ambayo ndani yake sifa imefungwa kwenye chupa.

Mahasimu wake sasa ni wengi. Boti za faiba hazinywi mafuta. Rangi ya kopo inapatikana dukani, na oili chafu ya injini ni ya bure, ingawa haina nasaba wala Ibn Jubayr hakuitaja. Na papa wenyewe wamepungua: mwaka 2022 mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliiweka familia nzima ya Carcharhinidae, walimo papa wengi wanaovuliwa hapa, pamoja na papa nyundo wote waliokuwa wamebaki, katika orodha ya wale ambao biashara yao ya kimataifa sharti idhibitiwe. Mtetezi wa sifa yuko mahali pabaya. Mteja wangu akishinda kesi, shahidi wangu anakufa.

Juzi nilipita kwenye hoteli moja ya ufukweni iliyonunua dau kuukuu, ikaligeuza meza ya vinywaji. Wamelipaka vanishi linang'aa, na ubavuni mbao zimeshaanza kufunguka kwa jua. Nikamshauri meneja atafute sifa. Akavutiwa sana, akatoa simu aandike, kisha akaniuliza kama ipo ambayo hainuki.

Nikamwambia ipo. Ni ile ambayo papa bado hajaitoa.