Nyuki wa Dohani

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni ikishaingia hakuna anayeuliza kwa nini nyumba imejengewa meko ukutani. Ukungu unalala mpaka saa nne asubuhi, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na mabondeni sakitu inababua majani ya viazi. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, ya enzi zile mashamba ya miwati yalipokuwa yakipandwa, baada ya kampuni ya miwati kuanzishwa mwaka 1949. Marehemu baba mkwe aliinunua pamoja na dohani yake, inayopanda katikati ya nyumba: upande huu sebule, upande ule chumba cha watoto.

Nyuki waliingia wakati wa mvua, meko yakiwa yamelala baridi tangu mwisho wa kipupwe. Aliyewagundua ni mama mkwe. Alikuwa akifuta vumbi, akasita, akaegemeza sikio ukutani.

"Mwanangu, njoo usikilize. Ukuta huu una watu."

Shemeji alitaka tuwashe moto mara moja ili watoke wenyewe. Mama mkwe akamuuliza nta itakwenda wapi. Swali lilikuwa zito, kwani nta ikiyeyuka hutiririka mpaka chini, na ikiwaka ndani ya bomba huwezi kuifuata. Tena nyuki aliyefukizwa kwa hasira hachagui njia ya kutokea. Sebuleni kulikuwa na mtoto mchanga wa wifi. Moto haukuwashwa.

Akaja mrina asali, mzee wa makamo, jioni jua likiisha.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Karibu, wageni wako wako juu."

Tochi yake alikuwa ameifunga kitambaa chekundu, maana nyuki haoni rangi nyekundu. Akapanda paani, akaweka mzinga mtupu juu ya mdomo wa dohani, akaziba kando kwa matambara. Huku chini akatuachia kazi ya kufukiza polepole kwa gogo lililooza, moshi wa baridi usiochoma mbawa. Malkia alipopanda, kundi likamfuata. Asali iliyotolewa kesho yake ilikuwa nyeusi kwa masizi, na mama mkwe hakuruhusu hata kidole kuchovya. Mrina asali akatuonya kabla ya kuondoka: kwenye kona ya juu, pale bomba linapopinda, mkono wake haukufika, na masega yamebaki. Atafutwe fundi kabla ya baridi.

Fundi alitafutwa. Aliahidi wiki ijayo, kisha mwisho wa mwezi, kisha simu yake ikawa haipatikani. Baridi haikumsubiri. Siku ya wageni wa posa ya wifi mdogo, shemeji akajaza meko kuni za milingoti zilizoletwa asubuhi hiyo hiyo. Muuzaji alisema ni kavu. Zilikuwa zikitoa povu kwenye ncha na kulia kama nyoka.

Ukuni mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto hutumia nguvu zake kuyachemsha, moshi unapanda ukiwa umepoa, na unapogusa tofali baridi unaganda kuwa utando mweusi unaonata, wenye asili ya lami. Utando huo unashika moto. Kwetu ulikuwa umelala juu ya nta.

Ngurumo ilianza wageni wakila. Wazee wakadhani ni lori barabarani. Kisha vumbi la lipu likaanza kudondoka juu ya moto, na mtoto aliyekuwa nje akaingia mbio akisema nyumba inatema cheche. Moto wa dohani huweza kupita nyuzi 1,000. Baba watoto akawatoa watu wote nje, mimi nikapiga 114. Shemeji akaja na ndoo ya maji. Mama mkwe akamshika mkono: tofali lililowaka namna ile likimwagiwa maji hupasuka. Tukafukia moto wa chini kwa mchanga na majivu, tukafunga kilango cha bomba, tukafunga madirisha ili moto ukose hewa. Vijana wakapanda dari kuangalia mbao. Ulipozimika, kilichobaki ni ukimya na harufu ya asali iliyoungua. Posa iliendelea chini ya mparachichi, na ikakubaliwa.

Hapo ndipo watu wengi huishia: moto umezimika, Mungu mkubwa, wiki ijayo meko yanawashwa tena. Namshukuru fundi mwashi mwingine, aliyetoka Makambako, kwa kukataa hilo. Kabla ya kutaja bei aliomba gunia lililoloweshwa na majani mabichi. Gunia akaziba nalo mdomo wa dohani juu, majani akayafukizia mekoni, kisha akatutawanya vyumbani kila mtu atazame ukuta wake.

Moshi ulitokea chumba cha watoto. Ulitoka nyuma ya kabati la nguo, kwenye ufa mwembamba ambao moto wa siku ile peke yake usingeufungua, kwa sababu kingo zake zilikuwa na weusi wa miaka. Mama mkwe aliketi juu ya kitanda cha mjukuu wake. Wote tulikumbuka jambo moja. Kipupwe kilichotangulia watoto walikuwa wakiamka na kichwa kinauma na kichefuchefu, wanapimwa malaria, hawana, na wakifika shule wanapona. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye kaa linalofukuta haina harufu wala rangi. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, na anayelala hajui anavyolegea. Ni hewa hiyo hiyo inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na huku nyanda za juu kila baridi tunazika watu kwa sababu yake. Naomba anayesoma haya na ana jiko chumbani alitoe usiku huu.

Fundi alibomoa ukuta ule mpaka darini. Akakuta boriti ya paa imechomekwa ndani ya dohani yenyewe, ncha yake imekuwa mkaa. Akaikata nyuma, akaacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya mbao na tofali. Bomba akalipiga lipu upya kwa ndani kwa chokaa na mchanga. Mekoni penyewe, panapogusa moto, alijengea udongo wa mfinyanzi, maana saruji ya kawaida haistahimili moto mkali. Kidirisha cha hewa kikafunguliwa sebuleni.

Tangu hapo dohani ina ratiba, na ratiba hiyo anaishika mama mkwe. Brashi ya waya inapita Septemba, mara baridi inapokwisha, kwa sababu masizi yakikutana na mvua hutoa maji makali yanayokula lipu. Oktoba kuni za miwati zinapasuliwa na kupangwa juu ya magogo, bati juu, pande wazi, upepo upite. Zitawaka Juni inayofuata, si kabla. Anagonganisha vipande viwili: vikilia ko, vinaingia, vikitoa sauti ya kinyonge, vinarudi kwenye rundo. Mvua zikianza, gunia lililojazwa nyasi linachomekwa kwenye bomba, kwani wavu wenye matundu ya kupitisha moshi hupitisha nyuki pia. Kamba nyekundu inaning'inia kutoka kwenye gunia hilo mpaka mekoni, ili asiwashe mtu akiwa amesahau. Majivu yanakaa siku kadhaa kwenye ndoo ya bati nje, mbali na ukuta, kisha yanakwenda kwenye kabichi. Kwenye viazi hapana, yanaleta ukoko.

Mrina asali ametundika mzinga kwenye mti wa mwati nyuma ya nyumba, na kundi limeingia humo. Jirani wa upande wa chini, mwenye nyumba ya umri ule ule, aliomba tumfanyie jaribio la gunia. Moshi wake ulitokea jikoni na chumba cha wageni. Fundi yuko kwake wiki hii, na brashi yetu pia.