Barua ya Wazi kwa Mkuu wa TEHAMA: Asante kwa Kutulinda

Kwa Mkuu wa Idara ya TEHAMA,
Makao Makuu, Nairobi.

Kupitia: Seva ya Barua Pepe (ikiwa macho)

MINT: SHUKRANI KWA KUTUKINGA NA THUNDERBIRD

Bwana Mkuu,

Sisi watumishi wa tawi la Awendo tumepokea waraka wako unaopiga marufuku kusoma barua pepe za ofisi kwa programu huria kama Thunderbird. Tunashukuru. Kumbe tulikuwa hatarini: programu ambayo yeyote duniani anaweza kuukagua msimbo wake ilikuwa ikizurura kwenye kompyuta zetu mchana kweupe! Heri ile ya leseni, ambayo ndani yake hatuoni kitu. Asiyeona hana la kuhofia.

Waraka wataja usalama. Ni kweli, Oktoba 2022 Microsoft ilianza kufunga njia ya kuingia Exchange Online, huduma yake ya barua pepe, kwa jina na nenosiri peke yake, na ilifanya vyema. Ila iliacha mlango wa OAuth, yaani kuingia kwa kibali bila kuikabidhi programu nenosiri, na Thunderbird inaujua. Kinachongojwa ni idhini ya msimamizi wa seva, yaani wewe. Ukatuambia IMAP, njia ya programu kusoma barua zilizo kwenye seva, imefungwa. Sawa, Novemba 2025, toleo la 145 la Thunderbird likaanza kuzungumza na Exchange bila IMAP. Kisingizio kimestaafu kabla ya mwenyewe.

Hapa Awendo, trela za miwa zikifika kiwanda cha sukari cha Sony, mizani hupima miwa. Haiulizi trekta liliundwa na nani. Barua pepe nayo ilikusudiwa hivyo. Kanuni za kutuma barua, SMTP, za 1982, na IMAP aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986, hazijali umefungua programu gani asubuhi.

Matunda ya ulinzi wako tunayaona. Mtandao ukikatika, Thunderbird ingetuachia nakala za barua kwenye diski. Kivinjari, tulichobakiziwa sasa, hutuachia ukurasa mweupe, usio na siri wala kazi. Basi watu wamejitafutia dawa: mtandao ukirudi, nyaraka za wateja hupigwa picha kwa simu, zisipotee ukikatika tena, na kurushwa kwenye kikundi cha WhatsApp, kile kile cha michango ya harusi na matanga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka taarifa za watu zihifadhiwe. Nazo zimehifadhiwa barabara, kati ya orodha ya waliochanga na picha za keki. Umezuia programu moja iliyokuwa tayari kuitii seva yako, ukazawadiwa simu kadhaa zisizoitambua.

Tunaomba jambo moja kati ya mawili: uidhinishe Thunderbird, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili kama kwa programu nyingine zote, au ututajie tishio lenyewe kwa aya moja. Na kama shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuufungua ukurasa wa mipangilio hiyo, usione haya. Mwongozo upo, ni wa bure, na kuusoma hakuhitaji leseni.

Wako mtiifu,
Mtumishi, Tawi la Awendo

Nakala: Msimamizi wa kikundi cha WhatsApp, kwa taarifa na kwa hifadhi.