Mwenye Visu Vyake

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Shemeji yangu anavyo ishirini na tatu, na Idi iliyopita alikula maharage.

Si mtu wa ovyo, ana bajeti. Mwanzo aliapa hatavuka laki moja kwa kisu. Kisha akasikia habari za Sakai, mji wa Japani ulio jirani na Osaka, ambako mmoja hufua chuma, mwingine hunoa, wa tatu hutia mpini. Watu watatu, akapiga hesabu, basi laki tatu. Ushuru na nauli ya mzigo havikuingia. Hivyo, eti, si kisu.

Sasa anawinda jambia la Yemen. La mpini wa pembe ya kifaru halipati, biashara hiyo kimataifa ilipigwa marufuku tangu 1977. Anavyosimulia, utadhani kifaru alikuwa mjomba wake.

Juzi nilimkuta kavaa glavu, anapaka makali mafuta kwa kitambaa laini. Dada akaomba kimoja akate ndimu.

"Ndimu? Chuma hiki kinashika kutu!"

Dada hakubishana. Akatoa kisu chake cha mpini wa plastiki, cha buku mbili gulioni. Akakata ndimu, akakata kitunguu, akaenda nacho mlangoni akachana utepe wa boksi lililoletwa asubuhi. Ndani mlikuwa na kinoo. Laki na nusu.

"Hicho si kisu," shemeji akawahi.